Kipimo cha damu cha HPV kimetoka chanya, skani ni safi. Hapa katikati tunafanya nini?

MkeWaSeremala

Habari zenu wapendwa. Nimekuwa nikisoma hapa kimya kimya tangu mume wangu alipoanza mionzi. Leo naandika kwa mara ya kwanza kwa sababu huu ni usiku wa nne sijapata usingizi.

Nianze mwanzo. Mume wangu ana miaka 58, ni fundi seremala, hajawahi kuvuta sigara hata siku moja. Mwaka juzi akiwa ananyoa ndevu mkono wake ulikutana na uvimbe chini ya taya, upande wa kushoto, mkubwa kama gololi. Haukuuma. Na kwa kuwa haukuuma, alipewa antibiotiki mara mbili na miezi miwili na nusu ikapita hivi hivi. Walipokuja kuuchoma sindano na kupeleka maabara, jibu likawa saratani. Kamera ya kupitisha puani ikaonyesha chanzo: findo la kushoto. Karatasi iliandikwa p16 chanya, yaani alama kwenye seli inayoashiria saratani iliyoletwa na kirusi cha HPV, na aina yenyewe ni HPV 16.

Alipigwa mionzi mara 35 kwa wiki 7, jumla grei 70 (ndicho kipimo cha mionzi), na dawa ya kemo, sisplatini, kila wiki. Dozi ya saba hakupewa, figo zilikuwa zimeanza kuyumba. Alipungua kilo 14. Ile barakoa ya plastiki waliyokuwa wanambania nayo kichwa mezani aliomba aje nayo nyumbani, ameitundika karakana pamoja na misumeno. Mimi siipendi, lakini ni yake.

Tulibahatika kwamba daktari wake alichukua kipimo cha damu cha HPV kabla ya tiba kuanza. Kilisoma vipande 412 vya vinasaba vya kirusi kwa kila mililita ya plazima, yale maji ya damu. Wiki ya nne ya mionzi kilikuwa kimeshuka hadi 6. Mwezi wa tatu baada ya tiba, sifuri. Skani ya PET ya wiki ya 12, ile inayofanya saratani iwake kwenye picha, safi. Mwezi wa sita sifuri, wa tisa sifuri. Nilianza kupanga mambo ya mbali.

Mwezi wa kumi na tatu: 14.

Majibu huwa yanakuja kwenye simu yangu, maana yeye mchana kutwa vidole vimejaa gundi. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa karakana, yeye anapiga randa ubao wa mlango. Nikasoma mstari wa juu, nikarudia. Nadhani nilinyamaza muda mrefu, kwa sababu randa ilisimama. Hakugeuka. Aliuliza tu, "Ngapi?" Nikasema kumi na nne. Akapangusa maranda juu ya ubao, akaendelea na kazi. Mpaka leo hajalizungumza, ila usiku nasikia mkono wake ukitembea shingoni. Ngozi ya upande ule imekakamaa tangu mionzi, kwa hiyo akiibonyeza kila mahali panahisi kama uvimbe.

Daktari amempapasa shingo, amepitisha kamera, haoni kitu. Skani ya CT wiki hiyo hiyo, safi. Ametuambia turudie damu baada ya wiki nne.

Ninachotaka kujua ni hiki. Namba 14 ina maana saratani imerudi, au inaweza kuwa kosa la kipimo? Kama imerudi, mbona skani haioni? Je, nikae kitako wiki nne kama nilivyoambiwa, au nikapige hodi tena nidai PET sasa hivi? Na kuna jambo la pembeni ambalo naona aibu kuliandika, lakini linanila: wifi yangu alisoma mahali kwamba HPV ni kirusi cha ngono, na tangu hapo ananitazama kwa jicho ambalo silielewi. Au nalielewa.

Nisameheni kwa urefu.

KooKavu

Shemeji, pole sana. Nakuita shemeji kwa sababu mumeo na mimi tumelala kwenye meza ya aina moja. Mimi ni findo la kulia, grei 70 hizo hizo, nimemaliza mwaka wa tano sasa na chupa ya maji haitoki mkononi.

Kabla sijasema lolote, chukua ile karatasi ya skani ya CT usome juu kabisa, wameandika nini. Ni shingo peke yake, au shingo na kifua? Usijibu kwa kukumbuka. Kaitazame.

Nakuuliza kwa sababu saratani hii yetu ya HPV ikirudi ina tabia zake. Wengi inarudi ndani ya miaka 2 au 3 ya mwanzo. Shingoni mara nyingi imeshapigwa vizuri, kwa hiyo ikitoroka hupenda kwenda mbali, na huko mbali mapafu ndiyo ya kwanza. Wapo pia waliokutwa nayo kwenye ini au mfupa. Mtu anayetazama shingo tu anaweza kusema "safi" na akawa amesema kweli kabisa, ya shingo.

Mimi yangu ilikuwa hivi. Mwezi wa 16 kipimo kilisoma 22 baada ya sifuri nne mfululizo. Tukarudia baada ya wiki tano, 60. CT ya shingo ilikuwa imeona kitu chini karibu na mtulinga, msomaji wa picha akasema ni kovu la mionzi, na kwa kweli shingo iliyopigwa mionzi inasumbua kusoma. Tulipokwenda PET lile kovu likawaka. Wakachoma sindano, ni yenyewe, p16 chanya kama ya kwanza. Nikafanyiwa upasuaji wa kutoa tezi za upande ule wote. Mkono wangu wa kulia haupandi zaidi ya usawa wa sikio, kuvaa shati kuna utaratibu wake. Lakini damu ni sifuri tangu wakati ule, na juzi nimepimwa tena.

Ila sitaki uchukue hadithi yangu uivishe mumeo. Kliniki yangu kuna bwana mmoja aliyesoma chanya mara moja tu, namba ndogo, akarudia ikawa sifuri na imebaki hivyo kwa miaka miwili. Tulikuwa tunakaa benchi moja, tumebeba karatasi za kufanana.

Jambo la mwisho. Hakuna daktari wa maana atakayempiga mionzi au kumtundikia kemo kwa sababu ya namba peke yake. Lazima wapaone mahali, na hapo mahali pachukuliwe kinyama kithibitishwe. Kwa hiyo usiogope kwamba ukipiga kelele utamwingiza kwenye tiba asiyoihitaji. Kelele ya kuomba watazame, piga.

MkeWaSeremala

Shikamoo mzee KooKavu. Nimeitafuta karatasi ndani ya bahasha, nimeisoma chini ya taa. Imeandikwa CT ya shingo. Kifua hakimo.

Mikono inatetemeka. Kifua chake kilitazamwa mara ya mwisho kwenye PET ya wiki ya 12, yaani miezi kumi iliyopita. Wala simlaumu daktari, nadhani alitazama pale alipotarajia. Ila mimi nimetembea siku nne na neno "safi" kichwani bila kujua ni safi ya wapi.

Mezani_Maabara

Dada, pole. Nafanya kazi maabara, upande wa vipimo vya vinasaba. Si daktari, sitakwambia mgonjwa wako afanyiwe nini. Nitakueleza kile kipimo kinahesabu nini, maana ukishaelewa hapo utajua swali la kumuuliza daktari.

HPV ya kawaida, ile ambayo karibu kila mtu huipata wakati fulani, inakaa kwenye ngozi laini ya juu, kooni au kwingineko. Haitembei kwenye damu. Mwili wa wengi huifukuza ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache inabaki miaka mingi, seli zinaharibika, zinakuwa saratani, na kila seli ya saratani hiyo inabeba ndani yake vipande vya vinasaba vya kirusi, hasa sehemu zinazoitwa E6 na E7. Sehemu hizo mbili ndizo zinazozima breki za seli. Seli za uvimbe zinakufa na kuzaliwa kila siku, na zinapokufa zinamwaga vipande hivyo kwenye damu. Sisi tunaitafuta takataka hiyo. Kwa hiyo kinachohesabiwa ni mabaki ya uvimbe, na ndiyo maana mtu mwenye maambukizi ya kawaida tu ya HPV kwa kawaida hasomi chanya.

Tunavyohesabu: plazima inatenganishwa, vinasaba vinavutwa, halafu sampuli inagawanywa kuwa maelfu ya matone madogo mno. Kila tone linapimwa peke yake. Lenye kipande cha kirusi linang'aa, lisilo nacho linabaki giza. Tunahesabu yaliyong'aa. Kwa njia hiyo hata vipande vichache vinaonekana. Skani haiwezi hivyo. Skani inasubiri uvimbe ufike milimita kadhaa, na uvimbe wa sentimita moja tu una seli mamia ya mamilioni. Hapo ndipo penye jibu la swali lako la pili: namba inaweza kutangulia picha.

Sasa ile 412 ya mwanzo ni hazina, ishikilie. Inakwambia uvimbe wa mumeo ni wa aina inayomwaga vipande kwenye damu. Si kila uvimbe unamwaga. Kuna wagonjwa wenye saratani ya HPV kabisa ambao kabla ya tiba damu yao inasoma sifuri, na kwa watu hao sifuri ya baadaye haina uzito mkubwa. Sifuri tatu za mumeo zilikuwa na uzito. Na kwa sababu hiyo hiyo 14 nayo si ya kupuuzwa. Vipande hivi havikai kwenye damu, vinasafishwa ndani ya saa chache. Vikionekana leo, kuna kitu kimevimwaga leo.

Utafiti ninaoutegemea zaidi ni wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, uliotoka 2020. Walifuatilia wagonjwa 115 baada ya mionzi na kemo. Watu 87 walibaki sifuri muda wote na hakuna hata mmoja aliyerudiwa. Watu 28 walisoma chanya wakati fulani. Kati ya hao, 16 walisoma chanya mara mbili mfululizo, na 15 wakathibitishwa kwa kinyama kuwa imerudi. Jumla ya waliorudiwa katika wale 28 ni hao hao 15. Maana yake wale 12 ambao hawakuwa na chanya mbili za kufuatana hawakukutwa na saratani katika muda waliofuatiliwa. Kwa wastani wa kati, damu ilikitangulia kipimo cha kinyama kwa miezi 3.9.

Unaona kwa nini daktari alisema rudia? Chanya moja inakuambia kaa macho. Chanya ya pili inabadilisha mazungumzo yote.

Mambo ya kuzingatia mkirudia: iwe maabara ile ile na kipimo kile kile, maana namba za maabara mbili hazilinganishwi. Damu ichukuliwe kwenye kichupa maalumu kinachozuia seli nyeupe zisipasuke, kigeuzwe taratibu mara kadhaa, kisitikiswe. Seli nyeupe zikipasuka njiani zinamwaga vinasaba vyake na kuvifunika vile vichache tunavyovitafuta. Nimeona sampuli nzuri zikiharibika ndani ya sanduku la kusafirishia.

Na mpaka wa kipimo: hakisemi mahali. Kinasema "kuna kitu", basi. Pia kinaona saratani yenye HPV tu. Saratani nyingine ya koo au ya pafu isiyo na kirusi itapita mbele yake bila kuonekana. Kwa hiyo mikono ya daktari shingoni na kamera puani haviachwi hata namba ikiwa sifuri.

Wenzetu wa saratani ya nyuma ya pua, inayoletwa na kirusi cha Epstein-Barr, walitangulia kwenye njia hii. Huko Hong Kong walipima damu ya wanaume zaidi ya 20,000 wasio na dalili na kukuta 34 wana saratani, wengi hatua za mwanzo, wakachapisha 2017. Naandika hili kwa sababu watu huniambia kupima kirusi kwenye damu ni jambo la kubahatisha. Si la kubahatisha.

BabaWawili

Nawaheshimu wote mlioandika, lakini dada asikie na upande mwingine.

Mke wangu alikuwa na saratani ya shina la ulimi, HPV 16. Mwaka wa kwanza baada ya tiba tulipima damu kila miezi mitatu. Wiki moja kabla ya kipimo alikuwa hali, wiki moja ya kungoja majibu halali. Ukijumlisha, karibu miezi miwili ya mwaka wake wa kupona ilikwenda kwenye kuogopa. Mwaka wa pili aliniambia hataki tena. Tukamuuliza daktari kwa uwazi: je, kuikuta mapema kwa damu kunamfanya mtu aishi zaidi, kuliko kuikuta kwa dalili na uchunguzi wa kawaida? Daktari wetu, mtu mwaminifu, alisema hilo bado linachunguzwa, halijathibitishwa. Tukaacha. Anakwenda kliniki, anapapaswa shingo, anapitishwa kamera, na akiwa na maumivu mapya au kikohozi anasema. Ni uamuzi wake na anaishi nao vizuri.

Mume wako ndiye mwenye damu. Umemuuliza yeye anataka nini? Katika yote uliyoandika sijasikia sauti yake zaidi ya neno "ngapi".

KooKavu

Ndugu BabaWawili amesema haki, na swali lake la mwisho ni zito kuliko yote yaliyoandikwa hapa. Nitaongeza moja tu. Kwangu mimi tofauti ya kuiwahi ilikuwa kwamba ilikuwa sehemu moja, ikakatika kwa kisu. Wenye HPV wakirudiwa mara nyingi wana nafasi nzuri kuliko wasio na HPV, hasa ikiwa ni sehemu moja au mbili zinazoweza kutolewa. Siwezi kuapa kwamba bila damu nisingeiwahi. Lakini shingo yangu ilikuwa imepapaswa wiki ile ile, na mikono haikuiona.

DadaZamu

Dada yangu, mimi ni muuguzi, nimekaa na wagonjwa wa mionzi miaka mingi. Hao ndugu wameshakujibu kuhusu namba. Mimi nimerudi kwenye lile uliloliandika kwa aibu chini kabisa.

HPV inaambukizwa kwa kugusana kwa ngozi laini, na ndiyo, ngono ya mdomo ni njia mojawapo kubwa. Lakini kati ya kuambukizwa na kuota uvimbe inapita miaka mingi, mara nyingi makumi. Mtu mwenye miaka 58 anaweza kuwa aliipata akiwa kijana, kabla hajakujua. Inaweza kuwa wewe mwenyewe ulikuwa nayo ukampa bila kujua, kisha mwili wako ukaifukuza na wake ukashindwa. Hakuna kipimo duniani kinachoweza kusema ilitoka kwa nani wala mwaka gani. Kwa hiyo mtu anayeitumia karatasi ya p16 kama ushahidi wa uzinzi anasema jambo ambalo karatasi haisemi. Mwambie wifi yako hivyo hivyo, kwa upole, mara moja, usirudie.

Nimeona ndoa zikiumia kwa neno hili kuliko kwa mionzi. Mwanamume anaacha kumbusu mkewe kwa kuogopa kumwua. Hakuna haja. Mmeshaishi pamoja miaka, kilichokuwa cha kupita kimeshapita. Wewe endelea na uchunguzi wako wa shingo ya kizazi kama mwanamke yeyote, usikimbilie kipimo cha damu kwa ajili yako, hakijawekwa kwa watu wazima wasio na ugonjwa. Watoto wenu kama wapo kwenye umri wa chanjo, wachanjwe, wa kike na wa kiume. Chanjo inazuia maambukizi mapya, haiponyi ya zamani, kwa hiyo baba haimsaidii kwa hili.

Na mkienda kutoa damu ulizeni kama kipimo cha tezi dundumio (thairoidi, ile ya mbele ya shingo) kimefanyika ndani ya mwaka huu. Mionzi ya shingo huidhoofisha tezi hiyo polepole, mtu anachoka, anahisi baridi, ananenepa kidogo, na kila mtu anadhani ni huzuni. Ni chupa moja zaidi ya damu.

MkeWaSeremala

Wapendwa, nimekawia kurudi, nisameheni. Leo ni wiki ya sita tangu niandike.

Baba wa wawili, nilisoma ujumbe wako nikafunga simu nikaenda karakana. Nilimuuliza anataka nini. Alikaa kimya akichonga kishikizo cha mlango ule ule, kisha akasema, "Nataka kujua. Ila nataka unisomee wewe, na usininyamazie tena vile." Kumbe kilichomtisha siku ile hakikuwa kumi na nne. Ilikuwa kimya changu.

Tulirudi kwa daktari na karatasi ya CT mkononi. Nilimuuliza kwa adabu kuhusu kifua. Aliitazama, akakubali mbele yetu kwamba kifua kilipaswa kuwemo, na hakuwa mkali. Akasema damu irudiwe kwanza na PET iandikwe siku hiyo hiyo ili tusipoteze foleni. Nilimheshimu kwa hilo. Nilimtazama na yule binti wa kuchukua damu: aligeuza kichupa taratibu, mara nane nilihesabu, nikamkumbuka wa maabara.

Kipimo cha pili: 39.

Nilimsomea palepale, kwa sauti. Alishika ubao kwa mikono miwili, akashusha pumzi, akasema, "Haya, sasa twende tukaione iko wapi."

PET imeona sehemu moja. Pafu la kulia, chini, milimita 12. Shingo haina kitu, ini halina kitu, mifupa haina kitu. Wamechukua kinyama kwa sindano kupitia mgongoni, na jibu limekuja jana: ni ile ile, p16 chanya. Kikao cha madaktari kimeamua upasuaji wa kukata kipande hicho cha pafu kwa kamera, kupitia matundu madogo. Wiki mbili kutoka leo.

Nimelia, sitasema uongo. Lakini kulia huku ni tofauti na kule kwa wiki ya kwanza, siku zile nilikuwa sijui hata nililie kitu gani. Tezi dundumio nayo imekutwa imedhoofika, ameanza kidonge kimoja kila asubuhi. Wifi yangu nimemwambia, mara moja, kwa upole. Hajajibu. Ila juzi alikuja kumtazama kaka yake, akakaa mpaka jioni.

Nina swali moja la haraka kwa wenye uzoefu: kuna lolote la kufanya katika wiki hizi mbili, au tunangoja tu?

DadaZamu

Lipo la kufanya. Karakana aiache kuanzia leo. Najua itakuwa vigumu, lakini vumbi la mbao na pafu linalongoja kisu havipatani. Mlango aumalizie mtu mwingine au ungoje. Atembee kila siku, asubuhi na jioni, mpaka pumzi imkatike kidogo, kisha apumzike na kurudia. Aombe afundishwe mazoezi ya kuvuta pumzi sasa, kabla ya kidonda, maana akiwa na maumivu hatajifunza.

Halafu hili ni la kwako, kwa sababu yeye atalisahau. Siku ya kuonana na daktari wa usingizi, sema wewe kabla hajauliza kwamba shingo hii ilipigwa grei 70. Koo lililopigwa mionzi linaweza kuwa gumu kupitisha mrija wa kupumulia, na taya huwa limekaza. Leo jioni mwambie afungue mdomo mpaka mwisho, apange vidole vyake vitatu wima kati ya meno ya juu na ya chini. Vikiingia vitatu, sema vitatu. Vikiingia viwili tu, andika viwili kwenye karatasi na uende nayo, wajiandae na kamera ya kupitishia mrija tangu mwanzo.